Daftari la Kila Siku: Faida Yake na Jinsi ya Kuliandika

Wazee husema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hili wafanya biashara walijua sana. Mwenye duka asiyeandika alichouza na alichokopesha, mwisho wa mwaka huona rafu tupu, wala hajui mali yake imekwenda wapi. Katika sharika zetu pia mweka hazina huandika kila senti ya sadaka, na majina ya waliobatizwa, waliooana na waliozikwa huandikwa katika kitabu cha usharika. Basi tujiulize: ikiwa senti kumi huandikwa zisipotee, mbona siku zetu wenyewe, zenye furaha na machozi, twaziacha zipite bila hata mstari mmoja?

Mwezi huu twataka kujifunza habari za daftari la kila siku, ambalo vitabu vya sasa huliita shajara. Si kitabu cha hesabu, wala si barua ya kupelekewa mtu. Ni daftari ambalo mtu huandika kwa mkono wake mwenyewe mambo aliyoyaona, aliyoyatenda, aliyoyawaza na yaliyomwumiza, pamoja na tarehe yake. Msomaji wake wa kwanza ni yeye mwenyewe.

1. Daftari huyashika mambo yasipotee

Yohana Rebmann, mtu wa Gerlingen katika nchi ya Württemberg, aliishi Rabai karibu na Mombasa. Mwaka 1848 alisafiri kwenda Uchagani pamoja na kiongozi wake Bwana Kheri. Tarehe 11 Mei aliona weupe juu ya mlima mrefu, akamwuliza kiongozi ni kitu gani. Yule hakuwa na jina lake ila baridi. Rebmann akatambua kuwa ni theluji, akaandika katika daftari lake. Habari hizo zilipochapwa Ulaya mwaka 1849, mtaalamu mmoja wa London, W. D. Cooley, alizikataa kabisa, akisema theluji haiwezi kuwako mahali palipo karibu hivi na ikweta. Lakini maneno ya Rebmann yalikuwa yameandikwa palepale, pamoja na siku yake, hayakubadilika kwa kubishiwa. Mwaka 1862 msafiri von der Decken alipopanda sehemu ya Kilimanjaro alikutana na theluji yenyewe. Daftari likashinda hoja za chumbani.

Wala kazi hii si ya Wazungu peke yao. Daktari Livingstone alipofariki katika kijiji cha Chitambo mwaka 1873, kati ya watu wake alikuwako Jacob Wainwright, Myao aliyekombolewa utumwani akasomeshwa Nasik katika nchi ya Bara Hindi. Yeye ndiye aliyesoma maneno ya maziko, akaandika orodha ya vitu vya marehemu, akachora jina lake katika mti. Tena aliandika daftari la safari ile ndefu ya kuupeleka mwili mpaka Bagamoyo, walikofika mwaka 1874. Watu wengi waliuchukua mzigo ule, na majina yao twapaswa kuyaheshimu. Lakini aliyeandika siku kwa siku ametuachia sauti ya Mwafrika katika habari ile, ambayo bila yeye tungaliisikia kwa vinywa vya wengine tu.

Mtu asiseme, Mimi sina karatasi nzuri. Livingstone mwenyewe mwaka 1871 aliishiwa na karatasi na wino, akaandika juu ya kurasa za gazeti la zamani, kwa wino uliotengenezwa kwa mmea wa nchi ile. Maandishi yale yalififia mno, hata wataalamu wa siku zetu wakayasoma kwa vyombo vya mwanga. Sisi tulio na daftari la shule na kalamu ya dukani tuna udhuru gani?

2. Daftari ni mahali pa kutulia mzigo

Mficha maradhi kifo humwumbua. Maradhi ya moyo nayo ni hivyo. Wako miongoni mwetu watu ambao wote huwaendea na shida zao: mama wa nyumba kubwa, mzee wa usharika, mwalimu wa kijiji. Mwalimu huyu asubuhi huzika mtoto, adhuhuri hupatanisha mume na mke, jioni hufundisha wanaotaka kubatizwa kana kwamba hakuna lililotokea. Yeye naye amwendee nani? Akikaa kimya miaka mingi, huzuni hugeuka kuwa hasira nyumbani, au uchovu usiojulikana sababu yake.

Anne Frank alikuwa msichana wa Kiyahudi katika mji wa Amsterdam. Tarehe 12 Juni 1942, siku alipotimiza miaka 13, alipewa daftari. Mwezi uliofuata yeye na jamaa zake walijificha katika vyumba vya nyuma ya nyumba ya kazi, kwa hofu ya wale waliowaua Wayahudi. Huko aliishi zaidi ya miaka miwili, asiweze kutoka nje wala kufanya kelele mchana. Aliandika kana kwamba anampelekea barua rafiki, akamwita rafiki huyo Kitty. Kitty hakuwako, lakini kumwandikia kulimpa msichana yule mtu wa kusema naye. Tarehe 4 Agosti 1944 walikamatwa, naye akafa katika kambi ya Bergen-Belsen mwanzo wa mwaka 1945. Daftari halikumwokoa na mauti. Tusiseme zaidi ya ukweli. Lakini lilimsaidia aishi siku zile kama mtu, si kama kitu kilichofichwa.

Wataalamu wa roho za watu wamelipima jambo hili. Mwaka 1986 Wamarekani wawili, James Pennebaker na Sandra Beall, walitoa habari za uchunguzi wao. Waliwaomba wanafunzi wa chuo waandike dakika 15 kila siku, siku 4 mfululizo. Wengine waliandika mambo mepesi. Wengine waliandika jambo lililowaumiza sana, pamoja na jinsi walivyoona moyoni. Hawa wa pili walihuzunika zaidi mara baada ya kuandika, lakini katika miezi iliyofuata walikwenda kwa daktari mara chache kuliko wenzao. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kwamba faida hiyo ni ya kadiri, wala haimfikii kila mtu. Basi daftari si dawa ya kila ugonjwa. Mwenye huzuni isiyokwisha, asiyelala, au anayewaza kujidhuru, asijifungie na kalamu. Na amwendee daktari, tena na mtu wa kumwamini.

3. Daftari ni kioo

Dag Hammarskjöld, Mswidi aliyelelewa katika kanisa la Kilutheri, alifanywa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa mwaka 1953. Mwezi wa Septemba 1961 alikufa ndege yake ilipoanguka karibu na Ndola, katika nchi inayoitwa sasa Zambia, alipokuwa akitafuta amani ya Kongo. Katika nyumba yake ya New York yalionekana maandishi ambayo alikuwa ameyaandika tangu ujana wake, nayo yalichapwa mwaka 1963. Watu walitazamia kusoma siri za wakuu wa dunia. Hawakuziona. Mtu yule aliyekaa na wafalme na marais alikuwa akijihoji nafsi yake tu: kiburi chake, upweke wake, wito wake mbele ya Mungu.

Hii ndiyo kazi ngumu ya daftari. Twakumbuka Zaburi ya 42, ambamo mwimbaji aiuliza nafsi yake mwenyewe sababu ya kuinama kwake. Mtu aandikapo, Leo nilimkaripia mtoto, halafu akaandika hivyo tena wiki ijayo na ya tatu, hawezi kusema kuwa lilikuwa jambo la siku moja. Karatasi haimwonei, wala haimpendelei.

4. Daftari ni shamba la mbegu

Mawazo mema huja kama mvua ya ghafula, tena hukauka upesi. Mithali uliyoisikia sokoni, swali la mtoto, neno la bibi mzee kitandani pake: haya yakiandikwa huwa mbegu ya hadithi, ya wimbo, ya somo la Jumapili. Anne Frank naye, mwaka 1944, aliposikia katika redio kwamba baada ya vita maandishi ya watu yatakusanywa, alianza kuyaandika upya yale ya kwanza ili yawe kitabu. Baba yake, aliyesalia peke yake katika jamaa ile, alikichapisha mwaka 1947.

5. Jinsi ya kuanza

Chagua saa moja isiyobadilika, kama kabla ya kulala. Andika tarehe na mahali. Kisha jibu maswali matatu: Leo nimeona nini? Limenigusa jambo gani? Nashukuru kwa nini? Mistari mitano yatosha; haba na haba hujaza kibaba. Andika kwa lugha unayoiota usiku, wala usihangaike na makosa ya herufi. Ukikosa siku tatu, usijaribu kuzilipa. Endelea na ya leo. Mwisho wa mwezi soma ulichoandika, uweke alama penye jambo linalorudi mara kwa mara.

6. Mambo ya kujihadhari

Kwanza, siri za wengine si mali yako. Mwalimu aliyeambiwa jambo kwa faragha na aandike, Leo nimesikia habari nzito, nami nimechoka. Asiandike jina wala kisa. Daftari laweza kuokotwa. Pili, usiligeuze kuwa hati ya mashitaka juu ya jirani. Ukiandika kosa lake, andika na lako. Tatu, usiandike ili usifiwe baadaye, maana hapo utaanza kujipamba, na kioo kitakuwa picha. Nne, liweke mahali salama, ukamwambie mtu mmoja unayemwamini lifanyweje utakapoondoka duniani: litunzwe, au lichomwe.

Maswali ya kujifunza pamoja

1. Kwa nini maandishi ya Rebmann yaliweza kusimama mbele ya ubishi?
2. Jacob Wainwright alituachia nini ambacho wengine hawakuweza kutuachia?
3. Ni mzigo gani ufaao kuandikwa, na ni upi ufaao kupelekwa kwa mtu?
4. Katika usharika wetu ni nani wachukuao huzuni za wengine, na nani awauliza hali?

Ndugu, daftari la kurasa chache latosha kwa kuanza. Andikeni tarehe ya leo.