Hojaji na Mahojiano: Kukusanya Misimu Mtaani

Katika Karatasi ya Tatu (102/3), swali kuhusu ukusanyaji wa fasihi simulizi huonekana jepesi, na hapo ndipo watahiniwa wengi huangusha alama. Mtahiniwa huandika "hojaji", kisha "mahojiano", akaweka sentensi moja chini ya kila neno na kuendelea na swali jingine. Mtahini anayesahihisha hawezi kujua kama huyu aliyeandika anaelewa ni lini hojaji humfaa mtafiti na ni lini humwangusha. Swali likisema "fafanua" au "eleza jinsi ungetumia", orodha haitoshi.

Katika somo hili tutachukua utafiti mmoja mdogo, tuuandalie hojaji na mahojiano, tuone vinavyoharibika na vinavyorekebishwa. Utafiti wenyewe ni huu: kukusanya misimu ya pesa katika mitaa ya Eastlands, Nairobi.

Utakumbuka kwamba misimu ni kipera cha semi. Huzuka katika kipindi fulani na miongoni mwa kundi fulani la watu. Mingine hufa baada ya muda, mingine hudumu hata ikakubalika katika lugha sanifu. Wataalamu wengi huhusisha kuzuka kwa Sheng na mitaa hii ya mashariki mwa jiji. Makongeni ilijengewa wafanyakazi wa reli. Kaloleni, Jericho na Bahati zikapokea familia kutoka pembe zote za nchi, na watoto wa lugha tofauti wakacheza katika uwanja mmoja. Mwaka 2003 Ireri Mbaabu na mwenzake walitoa kamusi ya Sheng na Kiingereza, lakini kamusi haiwezi kushindana kasi na kituo cha matatu. Tena mitaa ya zamani inabomolewa na kujengwa upya, kama Pangani ilivyofanyiwa. Wakaaji wakihama, wanaondoka na maneno yao na visa vya maneno hayo. Kwa hivyo kazi hii si mchezo wa darasani tu.

Hojaji iliyoharibika

Miaka kadhaa iliyopita niliwapa wanafunzi wangu kazi hii. Kundi moja liliandaa hojaji yenye maswali manne:

1. Andika jina lako kamili na nambari ya simu.
2. Wewe ni wa kabila gani?
3. Je, unakubali kwamba Sheng inaharibu Kiswahili na vijana wanafaa kuiacha?
4. Taja misimu unayoijua, fani zake, dhima zake na miktadha yake ya matumizi.

Walisambaza nakala kando ya Jogoo Road, wakarudi siku ya tatu kuzichukua. Chache tu ndizo zilizopatikana. Katika hizo, swali la pili liliachwa wazi, la tatu lilijibiwa "Ndiyo" na karibu kila mtu, na la nne halikuwa na msimu hata mmoja. Wanafunzi wakaniambia, "Mwalimu, watu wa huku hawapendi kujibu." Niliwaambia nami ningekuwa mkaaji wa huko nisingejibu.

Tazama swali la kwanza. Mtu anayetembea mtaani na karatasi akiuliza jina na nambari ya simu huchukuliwa kuwa wakala wa mwanasiasa, mtu wa kodi ya nyumba au askari. Nambari ya simu haikuhitajika hata kidogo katika utafiti wa misimu. Hata sheria inahusika hapa: Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayekusanya habari za watu achukue zile tu anazohitaji na aeleze atazifanyia nini.

Swali la pili linauma zaidi. Nairobi iliyopitia ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 haijasahau maana ya kuulizwa kabila na mtu usiyemjua. Kama lugha ya nyumbani ni muhimu kwa utafiti wako, uliza lugha: "Nyumbani mnazungumza lugha gani?" Liweke karibu na mwisho, mtu akiwa amekwisha kukuzoea. Kama si muhimu, liondoe.

Swali la tatu lina makosa mawili. Kwanza, limebeba jibu ndani yake. Mzazi anayeona mwanafunzi amevaa sare ya shule atajibu "Ndiyo" hata kama yeye mwenyewe alilelewa na Sheng tangu chekechea. Pili, ni maswali mawili yaliyofungwa kamba moja: kuna anayeamini kwamba Sheng inaathiri Kiswahili lakini haoni sababu ya vijana kuiacha. Huyo atajibuje? Na hata kama wote wangejibu kwa uaminifu, majibu yangehusu maoni, si misimu. Kundi lilitoka kukusanya maneno likarudi na hukumu.

La nne ni swali la mtihani, si la mtaani. "Fani", "dhima" na "miktadha" ni istilahi zetu za darasani. Mama anayeuza sukumawiki Burma hutumia misimu siku nzima bila kuiita misimu. Kazi ya kupanga data katika dhima na fani ni ya mtafiti, aifanye akirudi mezani kwake.

Hojaji iliyorekebishwa

Hojaji yoyote huanza kwa utangulizi mfupi: nyinyi ni nani, mnatafuta nini, majibu yatatumiwaje. Kwa mfano: "Sisi ni wanafunzi wa Kidato cha Nne. Tunakusanya majina ya pesa yanayotumiwa mtaani kwa somo la Kiswahili. Usiandike jina lako. Unaweza kuacha swali lolote usilotaka kujibu." Kisha:

1. Umeishi katika mtaa huu kwa muda gani? (Chini ya miaka 5, miaka 5 hadi 15, zaidi ya miaka 15)
2. Una umri gani? (Chini ya miaka 20; miaka 20 hadi 39; miaka 40 na zaidi)
3. Andika jina unaloitumia kila pesa: shilingi 5, 10, 20, 50, 100, 500, 1000.
4. Je, kuna jina la pesa ulilolisikia zamani ambalo siku hizi hulisikii? Kama lipo, liandike.
5. Ni watu gani ambao ukizungumza nao hutumii majina haya? Kwa nini?

Swali la kwanza na la pili ni funge: mhojiwa huchagua tu. Yanayofuata ni wazi: huandika kwa maneno yake. Chunga vipimo vya maswali funge visiingiliane. Ukiandika "miaka 5 hadi 10" na "miaka 10 hadi 15", aliyekaa miaka 10 ataweka alama wapi?

Angalia pia kwamba swali la 3 halitaji neno misimu wala Sheng, ilhali ndilo litakaloleta kobole, ashu, mbao, finje, soo, jirongo na thao. Swali la 5 linakupa muktadha na dhima bila kumlazimisha mtu kuzijua istilahi hizo.

Kabla ya kusambaza, wape watu wawili watatu hojaji yako waijaribu: jirani, mpishi wa shule, dereva. Wakiuliza "hapa mnamaanisha nini?", rekebisha swali, usianze kuwafafanulia. Huko nyanjani hutakuwapo kando ya kila karatasi.

Pale hojaji inapoishia

Hojaji hufikia watu wengi kwa muda mfupi na gharama ndogo, na majibu yake ni rahisi kulinganisha. Inaweza kukuonyesha kwamba watu wa miaka 40 na zaidi wameandika "jirongo" kwa noti ya 500, na vijana wengi hawakuliandika. Sababu haitaionyesha. Tena asiyejua kusoma hawezi kuijaza, na toni ya sauti, ishara za mikono na kicheko vyote hupotea. Hapo ndipo mahojiano yanapohitajika.

Soma sehemu hii iliyotungwa kwa ajili ya somo. Wanafunzi wawili wamemtembelea mzee aliyekuwa makanga, au utingo kama tunavyoandika katika insha, wa matatu za Buruburu, namba 58.

Mhoji: Shikamoo, mzee.
Mhojiwa: Marahaba, wanangu. Vuteni viti.
Mhoji: Noti ya mia tano mlikuwa mkiiita nini?
Mhojiwa: Jirongo.
Mhoji: Ni kwa sababu ya Cyrus Jirongo na kampeni za 1992, sivyo?
Mhojiwa: Ehe. Ndiyo.
Mhoji: Asante. Na ya elfu moja?

Mhoji alisoma vizuri nyumbani. Ni kweli Jirongo aliongoza YK'92, kikundi cha vijana kilichompigia debe Rais Moi katika uchaguzi wa vyama vingi wa Desemba 1992. Lakini kwa kulisema mwenyewe, alimnyang'anya mzee hadithi yake. Alichopata ni "Ehe". Tulirudie swali hilo.

Mhoji: Jina hilo lilitoka wapi, mzee?
Mhojiwa: Jirongo? (Anacheka.) Hiyo ilikuwa wakati wa kura ya tisini na mbili. Kijana angepanda gari asubuhi na noti ya mia tano, nauli ni shilingi chache, mimi chenji nitatoa wapi? Namwambia, "Shuka na Jirongo yako!" Gari zima linacheka.
Mhoji: Walicheka kwa nini?

Sasa tuna kitu. Tuna chanzo cha msimu, tuna muktadha, tuna kejeli, na hadhira iliyocheka. Swali la mwisho, "Walicheka kwa nini?", halikuwa kwenye karatasi ya mhoji, lilizaliwa na jibu. Hiyo ndiyo nguvu ya mahojiano juu ya hojaji. Nukuu simulizi hilo kama alivyolitoa mzee, kwa Kiswahili chake, bila kulisafisha. Kama kumbukumbu yake inatofautiana na ya mzee mwingine wa Jericho, andika zote mbili.

Mengine ni ya kiutu. Omba ruhusa kabla ya kuwasha kinasasauti cha simu, na akikataa, andika kwa mkono. Usimfuate makanga saa kumi na mbili asubuhi au jioni abiria wakigombania viti. Nyanya wa Kaloleni akinyamaza baada ya swali, mwache anyamaze. Wengi wetu hukimbilia kuuliza jingine, kumbe alikuwa anakumbuka. Majirani wakikusanyika na kuanza kumsahihisha, usikasirike, ila andika nani alisema nini.

Udhaifu wa mahojiano ni kwamba hula muda, huwafikia watu wachache, na mhojiwa anaweza kukuambia anachodhani unataka kusikia. Hayo utayaeleza kwa alama moja moja, usiyarefushe.

Neno kuhusu mtihani

Linganisha majibu haya mawili. La kwanza: "Hojaji ni nzuri kwa sababu ni rahisi." La pili: "Ningetumia hojaji ili kuwafikia watu wa umri mbalimbali kwa muda mfupi na kulinganisha misimu wanayotumia." Jibu la pili limetaja mbinu, kusudi na kazi yenyewe. La kwanza lingeweza kuandikwa na mtu ambaye hajawahi kuiona hojaji.

Usichanganye pia swali hili na lile la Karatasi ya Kwanza (102/1). Huko unaweza kuagizwa kuandika hojaji au mahojiano yenyewe kama insha ya kiuamilifu, na sura hutuzwa: kichwa, utangulizi na maagizo katika hojaji, majina ya wazungumzaji upande wa kushoto na nukta pacha katika mahojiano.

Maswali

1. Unanuia kukusanya lakabu za wachezaji wa kandanda mtaani mwenu.
(a) Eleza sababu tatu za kuchagua mahojiano badala ya hojaji. (alama 6)
(b) Fafanua matatizo manne unayoweza kukumbana nayo nyanjani na jinsi ungeyatatua. (alama 8)
(c) Andika maswali matatu ambayo ungemuuliza mchezaji aliyestaafu, kisha ueleze kwa nini umeyapanga kwa utaratibu huo. (alama 6)

2. Rekebisha swali hili la hojaji na ueleze kosa lake: "Je, nyimbo za siku hizi ni mbaya na zile za zamani zilikuwa na mafunzo?" (alama 4)