Fahamu Safari ya Majitaka: Kutoka Kahawa Wendani Hadi Mtoni

Kahawa Wendani, kama sehemu nyingi za Ruiru na Thika, imejaa majengo ya ghorofa. Kila nyumba hutoa majitaka ya choo, bafu na jikoni. Yasiposafishwa, huishia mtoni. Maji ya upande wa Ruiru huelekea Mto Athi, unaoitwa Galana na kisha Sabaki kabla ya kuingia Bahari Hindi karibu na Malindi. Mito ya Chania na Thika huelekea Mto Tana.

Majitaka huudhuru mto vipi?

Bakteria wanaoozesha uchafu hutumia oksijeni iliyo majini, ile ile wanayopumua samaki. Lita moja ya mto safi huwa na takriban miligramu 8 za oksijeni. Lita moja ya majitaka ya nyumbani yanayohitaji miligramu 240 inaweza kumaliza oksijeni ya lita 30 za mto. Lori la lita 10,000 likimwagwa mtoni usiku, lita 300,000 huharibika. Ndiyo maana kanuni za kitaifa za ubora wa maji za mwaka 2006 zilitaka maji yanayoachiliwa kwenye mazingira yasizidi miligramu 30 kwa lita. Kwa kiwango hicho, madhara hupungua mara nane.

Vijidudu navyo huleta kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara. Anayenyunyizia sukuma wiki maji hayo huyarudisha mezani kwetu.

Husafishwa vipi?

1. Vyuma vya kuchuja huzuia matambara, plastiki na takataka nyingine kubwa. Mchanga hutua chini.
2. Katika mitambo ya mabwawa, kama ule wa Dandora ulioko Ruai, bwawa la kwanza ni la kina kirefu. Tope hutua na kuoza bila hewa.
3. Katika bwawa la pili, mwani hutoa oksijeni, nao bakteria humaliza uchafu uliosalia.
4. Mabwawa ya mwisho hayana kina. Jua huua vijidudu kabla maji hayajaachiliwa mtoni.

Wajibu wa mkazi

• Usitupe nepi, sodo, matambara wala mafuta ya kupikia chooni au kwenye sinki. Huziba bomba, na majitaka hufurika barabarani.
• Usielekeze maji ya mvua kwenye bomba la majitaka. Mtambo ukizidiwa, uchafu hupita bila kusafishwa.
• Mwenye jengo lenye tangi la majitaka ahakikishe linanyonywa kabla halijajaa, na aulize lori lina leseni na linamwaga wapi.
• Ukiona bomba limepasuka au majitaka yakielekezwa mtoni, piga ripoti kwa kampuni ya maji ya eneo lako, RUJWASCO au THIWASCO, au kwa NEMA.

Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Anayeishi chini ya mto ana haki hiyo sawa na anayeishi juu.