SOMO KWA VYAMA VYA WAVUVI: KUCHAGUA NA KUREKEBISHA TELA LA BOTI



Chama kimoja cha wavuvi nilichokikagua kilinunua tela lililokwisha kutumika, ili kuipeleka boti yake ya faiba kwa fundi. Hati ya malipo ilikuwepo, risiti ilikuwepo, na kumbukumbu za Kamati zilikuwa zimetiwa sahihi. Mimi mwenyewe niliipitisha hati hiyo bila swali. Miezi michache baadaye tela liliyumba barabarani, na boti ilipofika ufukoni ukuta wake wa nyuma, ule unaobeba injini, ulikuwa umepasuka. Hakuna aliyeiba hata senti moja. Hata hivyo wanachama walipata hasara, na kwa muda wote wa matengenezo boti haikuvua. Kamati iliuliza urefu wa boti na bei ya tela. Haikuuliza uzito, wala mimi sikuuliza. Shabaha ya somo hili ni kuwa swali hilo liulizwe kabla ya fedha kutoka.

1. Uzito kwanza, urefu baadaye

Boti mbili za futi 16 zaweza kuwa na uzito tofauti kabisa. Kwa hiyo Katibu aorodheshe kila kitu kitakachosafiri juu ya tela. Tuchukue mfano huu:

Boti tupu: kilo 300
Injini ya kupachika: kilo 70
Petroli lita 50: kilo 37
Nanga, kamba, makasia na nyavu: kilo 63
Jumla: kilo 470

Tuongeze akiba ya asilimia 15, kwa sababu nyavu zilizolowa huwa nzito na vyombo huongezeka. Tunapata kilo 540 hivi. Huo ndio mzigo ambao tela letu lazima liweze kuubeba.

Hapa wengi hukosea. Namba iliyogongwa kwenye kibati cha tela mara nyingi ni uzito wa mwisho unaoruhusiwa, yaani tela pamoja na mzigo. Tela la kilo 180 lenye kibati cha kilo 600 hubeba kilo 420 tu, nalo halifai kwa boti yetu. Kwa mfano wetu kibati kisipungue kilo 720. Halafu tazameni kitabu cha gari: je, gari hilo linaruhusiwa kuvuta uzito huo?

2. Mambo ya kukagua kabla ya kununua

Vyama vya pwani vichague tela la chuma kilichochovywa katika zinki, kwani maji ya chumvi hula haraka chuma kilichopakwa rangi tu. Vyama vya maziwa vina nafuu kidogo, lakini kutu haikosekani huko pia. Kwa tela lililotumika, gongeni chuma kwa nyundo ndogo mahali palipoungwa na chini ya springi. Inueni kila gurudumu na kulizungusha: likikwaruza au kuchezacheza, beringi zimekwisha. Tazameni tairi kama zina nyufa pembeni. Tairi iliyokaa juani miaka mingi huweza kupasuka ingawa meno yake bado ni mazuri.

3. Kuikalisha boti

Boti haina budi kulala juu ya mihimili au rola zinazoishika chini ya mkuku na pande zote mbili. Jambo kubwa ni hili: mwisho wa mihimili ufike sawasawa chini ya ukuta wa nyuma. Mihimili ikiishia mbele ya hapo, injini huning'inia bila kitu cha kuibeba, na kila shimo la barabarani ni pigo juu ya ukuta huo. Hivyo ndivyo ilivyopasuka boti niliyoitaja.

Nyuma ikikaa vizuri, sogezeni nguzo ya winchi mpaka kizuizi chake kiiguse omo, kisha kazeni.

4. Kurekebisha uzito wa kichwa

Kichwa cha tela ni sehemu inayoshikana na gari. Kikiwa chepesi mno, tela huyumba kushoto na kulia, na kuyumba huko huzidi kadiri mwendo unavyoongezeka. Kikiwa kizito mno, gari hulemewa nyuma na usukani huwa mwepesi kupita kiasi. Kipimo kifaacho ni baina ya asilimia 5 na 10 ya uzito wote. Katika mfano wetu tela na boti ni kilo 650. Kwa hiyo kichwa kiwe baina ya kilo 33 na 65, na kilo 45 ni kiasi kizuri.

Mizani ile ile ya kupokelea samaki yatosha. Simamisheni tela mahali tambarare likiwa na mzigo wake wote, wekeni mawe kwenye magurudumu, kisha lazeni kichwa juu ya kigogo kilichosimama kwenye mizani, kwa kimo kile kile cha ndoano ya gari. Toeni uzito wa kigogo.

Kichwa kikiwa chepesi, rudisheni ekseli nyuma. Kikiwa kizito, isogezeni mbele. Msiisogeze boti, kwani ukuta wake utaondoka juu ya mihimili. Ikiwa kutoka kichwani hadi kwenye ekseli ni mita 4, basi sentimita 10 tu za ekseli hubadili uzito wa kichwa kwa kilo 15 hivi. Kwa hiyo sogezeni kidogo kidogo na kupima tena. Shusheni boti kwanza kabla ya kulegeza bolti. Mwishowe pimeni kutoka kichwani hadi kila ncha ya ekseli; vipimo viwili visipolingana, tela litakwenda upande na kula tairi.

5. Safarini na ufukoni

Fungeni boti nyuma kwa mikanda. Winchi pekee haitoshi. Minyororo ya usalama ipishane chini ya kichwa. Taa za nyuma ziwake. Kazeni tena nati za magurudumu baada ya kilomita 50 za kwanza. Mkifika ufukoni, acheni magurudumu yapoe kabla ya kuyaingiza majini, kwa sababu kikombe cha beringi chenye joto kikipoa ghafula hufyonza maji ndani. Baada ya maji ya chumvi, osheni tela lote kwa maji baridi na kutia grisi.

6. Kumbukumbu

Katibu aandike katika daftari la mali uzito wa boti, namba za kibati, uzito wa kichwa na tarehe ya kila grisi. Sasa nikagua, nitaanzia na ukurasa huo kabla ya risiti. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Maswali ya kujadiliwa mkutanoni

1. Boti yetu ina uzito gani ikiwa na vyombo vyake vyote?
2. Tela letu laruhusiwa kubeba kilo ngapi baada ya kutoa uzito wake lenyewe?
3. Nani amepewa kazi ya kutia grisi, na nani humkagua?