Namna Chama Kinavyompata Mgombea Wake: Mfano wa Tanzania

Katika somo la uraia twafundishwa kwamba rais huchaguliwa na wananchi. Maneno hayo ni kweli, lakini hayakutimia. Kabla mwananchi hajapewa karatasi ya kura, majina yaliyopigwa chapa juu yake yamekwisha kuchaguliwa na watu wengine, tena wachache. Watu hao ni wanachama wa vyama vya siasa. Basi yafaa tujiulize: chama humpataje mtu mmoja kati ya wengi wanaokitaka cheo? Na wale wanaokikosa hufanya nini? Ili tupate majibu, na tuwatazame jirani zetu wa Tanzania na Chama cha Mapinduzi, yaani CCM, kilichozaliwa 1977 TANU na Afro-Shirazi vilipoungana.

Mlango ni mmoja

Hapa Uganda mtu aweza kugombea urais peke yake bila kuwa na chama. Tanzania si hivyo. Katiba yao ya 1977 inataka mgombea awe mwanachama wa chama, na chama hicho kiwe kimempendekeza. Kwa hiyo mtu anayetaka kuingia Ikulu hana budi kupitia mlango wa chama. Mlango ukifungwa, hubaki mambo mawili tu: kutulia na kungoja, au kutafuta mlango wa chama kingine.

Ngazi za kupanda

Tuchukue uteuzi wa 2015. Kwanza, kila mwanachama mwenye nia alichukua fomu. Pili, alizunguka mikoani, Bara na Visiwani, akitafuta wanachama wa kumdhamini. Waliorudisha fomu walikuwa 38. Tatu, Kamati Kuu ya chama iliyachuja majina hayo yakabaki matano. Nne, Halmashauri Kuu ya Taifa iliyapigia kura hayo matano yakabaki matatu. Tano, majina matatu yalipelekwa mbele ya Mkutano Mkuu huko Dodoma, ambako wajumbe kutoka kila pembe ya nchi walipiga kura ya mwisho.

Sheria ya mwisho ndiyo kubwa. Mshindi lazima apate zaidi ya nusu ya kura. Akikosekana, wawili wa kwanza hupigiwa kura tena.

Hesabu ya 1995

Mwaka 1995 ulikuwa wa uchaguzi wa kwanza tangu vyama vingi viruhusiwe tena mnamo 1992. Rais Ali Hassan Mwinyi alikuwa amemaliza vipindi vyake viwili, na kiti kilikuwa wazi. Majina matatu yalifika mbele ya Mkutano Mkuu: Bw. Jakaya Kikwete, Waziri wa Fedha, kijana wa miaka 44, Bw. Benjamin Mkapa, mzee wa taaluma ya uandishi wa habari, aliyesoma hapa kwetu Makerere, na Bw. Cleopa Msuya, aliyekuwa Waziri Mkuu.

Kura za mara ya kwanza zilikuwa hivi: Kikwete 534, Mkapa 459, Msuya 336. Jumla yake ni 1,329, na zaidi ya nusu ni 665. Bw. Kikwete aliongoza, lakini hakufika. Bw. Msuya akatoka, na wawili waliosalia wakapigiwa kura tena. Safari hii Mkapa alipata 686 na Kikwete 639.

Tutazame hesabu hiyo kwa makini. Bw. Mkapa aliongeza kura 227, na Bw. Kikwete aliongeza 105. Yaelekea basi kwamba waliokuwa wamempigia Bw. Msuya, wengi wao walielekea kwa Bw. Mkapa. Aliyeongoza asubuhi si lazima awe mshindi jioni. Mtu aweza kupendwa mno na sehemu moja ya chama, na mwingine akawa chaguo la pili la watu wengi zaidi. Kanuni ya zaidi ya nusu humtafuta yule ambaye wengi wanaweza kumkubali.

Baada ya kushindwa

Sasa twafika kwenye jambo lenye uzito. Bw. Kikwete alishindwa kwa kura 47 tu. Angaliweza kununa, au kuhama na wafuasi wake. Hakufanya hivyo. Aliyakubali matokeo, na chama kizima kikamfuata mgombea mmoja. Mwalimu Nyerere naye, ingawa alikuwa ameacha urais tangu 1985, alizunguka nchini akimpigia debe Bw. Mkapa. Oktoba Bw. Mkapa alishinda kwa asilimia 62 hivi ya kura. Mara alimteua Bw. Kikwete kuwa Waziri wa Mambo ya Nje, na huyo alikishika cheo hicho miaka kumi. Mwaka 2005 zamu yake ilifika: akateuliwa na chama, na akachaguliwa rais kwa asilimia 80 ya kura.

Mambo ya 2015 yalikwenda njia nyingine. Bw. Edward Lowassa, aliyekuwa Waziri Mkuu tangu 2005 hata 2008, alikuwa na wafuasi wengi chamani. Lakini jina lake halikuwamo katika yale matano ya Kamati Kuu. Wajumbe watatu wa Kamati hiyo walitoka hadharani wakasema hawakuridhika. Mkutano Mkuu ulimchagua Bw. John Magufuli kwa kura 2,104. Balozi Amina Salum Ali alipata 253, na Dkt. Asha-Rose Migiro 59. Kabla mwezi wa Julai haujaisha, Bw. Lowassa alihamia Chadema, na vyama vilivyoungana kwa jina la Ukawa vikamsimamisha. Alipata karibu asilimia 40 ya kura, naye Bw. Magufuli alipata asilimia 58. Machi 2019 Bw. Lowassa alirudi CCM.

Kwa nini huyu alibaki na yule akaondoka? Watu hawafanani kwa tabia, na hatuwezi kuona yaliyo moyoni. Walakini tofauti moja yaonekana wazi. Bw. Kikwete alishindwa kwa kura zilizohesabiwa. Aliwaona waliompinga kuwa wengi kuliko waliomtaka. Bw. Lowassa alikatwa kabla ya kura, katika kikao cha watu wachache, naye alilalamika kwamba hakutendewa haki. Wahenga walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hiyo ni ya kweli, lakini ina upande wa pili: anayetaka wenzake wakubali kushindwa, na awaache kwanza washindane. Kwa upande mwingine chama nacho kina hoja yake. Wagombea 38 hawawezi wote kupigiwa kura na Mkutano Mkuu, na chama kina haki ya kuchunguza mwenendo wa mtu kabla ya kumkabidhi jina lake. Ugumu ni kuchuja kwa namna ambayo hata aliyechujwa ataielewa.

Mgombea mwenza

Lisisahauliwe jina la pili. Katiba ya Tanzania yataka mgombea urais akitoka upande mmoja wa Muungano, mwenzake atoke upande wa pili. Bw. Magufuli, mtu wa Bara, alisimama pamoja na Bibi Samia Suluhu Hassan wa Zanzibar. Wapiga kura wengi huliangalia jina la kwanza tu. Lakini Bw. Magufuli alifariki Machi 2021, na Bibi Samia akaapishwa kuwa Rais, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho Tanzania. Kwa hiyo chama kinapoteua, huteua marais wawili: wa leo, na yule ambaye huenda akahitajiwa kesho.

Sisi wanafunzi huchagua viranja na viongozi wa vyama vya mijadala. Hapo nasi twaweza kujizoeza: kuweka kanuni kabla ya kutaja majina, kuhesabu kura mbele ya wote, na kumpa aliyeshindwa kazi ya kufanya.

Maswali ya kujipima

1. Mwaka 2005 kura za Mkutano Mkuu wa CCM zilikuwa: Kikwete 1,072, Salim Ahmed Salim 476, Mark Mwandosya 122. Je, kulihitajiwa kura ya mara ya pili? Onyesha hesabu yako.

2. Kama sheria ya 1995 ingalisema mwenye kura nyingi ndiye mshindi hata akikosa nusu, nani angaliteuliwa? Je, sheria hiyo ingalikuwa bora? Toa sababu.

3. Ni nani wafaao kuchuja majina ya wagombea: watu wachache wenye uzoefu, au wanachama wote? Jadilianeni katika mdahalo.