Moshi Mweusi wa Bukavu: Kupunguza Mazutu kwenye Gari la 4x4 Lililobadilishwa Injini

Bukavu imekaa juu. Maji ya Ziwa Kivu yako karibu mita 1,460 kutoka usawa wa bahari, na mitaa ya Kadutu na Bagira inapanda kuanzia hapo. Kwenye kimo hiki hewa ni nyepesi. Kila injini inapovuta pumzi, inapata hewa pungufu kwa karibu asilimia 14 kuliko Dar es Salaam au Mombasa, bandari ambako magari yetu mengi hushukia. Pampu ya zamani isiyo na kompyuta huendelea kumimina mazutu kwa kipimo ilichowekewa pwani. Hewa ya kuyachoma haitoshi, na yanayobaki yanatoka nyuma yakiwa moshi mweusi.

Huku kwetu moshi huo umezoeleka mpaka wengine wanaufurahia, wakidhani ni dalili ya nguvu. Tunaomba tuelewane hapa mapema: moshi mweusi ni mazutu yaliyolipiwa na hayakufanya kazi. Wanaoyavuta ni watoto wanaopanda kwa miguu kwenda shule kandokando ya barabara.

Kwanza pima

Shofea akisema gari linakula lita 15 kwa kilomita 100, muulize tairi zake ni za ukubwa gani. Tairi ya kawaida ya Land Cruiser za kazi, 7.50R16, inakaribiana na 235/85R16, yenye kipenyo cha milimita 806. Wanaobadilisha magari hupenda kuweka kubwa, kwa mfano 315/75R16, ambayo kipenyo chake ni milimita 879. Tairi hiyo kila ikizunguka mara moja gari linasogea asilimia 9 zaidi, lakini mita ya kilomita kwenye dashibodi haina habari. Ikisoma 400, umekwenda 436. Ukigawa lita 60 kwa 400 unapata 15 kwa kila 100. Ukigawa kwa mwendo wa kweli unapata chini kidogo ya 14. Kuna watu wamefungua injini nzima kutafuta ugonjwa ambao ulikuwa kwenye hesabu.

Basi jaza tangi mpaka juu, gari likiwa mahali tambarare, tembea kilomita 300 au zaidi, kisha jaza tena kwenye kituo kilekile na mahali palepale. Linganisha kilomita za dashibodi na zile za ramani ya simu. Andika kwenye daftari linalokaa ndani ya gari. Siku utakayopima usinunue mazutu kwa makadafi, wauza mafuta wa barabarani, kwa sababu bidoni haina kipimo cha kuaminika. Siku nyingine pia jihadhari nayo: maji kidogo ndani ya mazutu yanatosha kuleta kutu ndani ya pampu, na mafuta ya taa yaliyochanganywa yanapunguza ulaini unaolinda vyuma vyake. Kichujio cha mazutu kina skrubu ya kumwagia maji chini yake, na kazi ya kuifungua haichukui dakika tano.

Skrubu ya pampu na turbo

Injini tunayoiona zaidi kwenye njia za Walungu, Mwenga na Shabunda ni 1HZ ya Toyota: silinda sita, sentimita za ujazo 4,164, haina turbo kutoka kiwandani, na pampu yake ni ya aina ya kuzunguka. Ni injini mvumilivu sana, na uvumilivu wake ndio unaofanya ionewe. Gari likilegea mlimani, fundi huendea skrubu ya mazutu iliyo nyuma ya pampu na kuizungusha. Gari linapata uhai kidogo na mwenye gari anaondoka ameridhika. Lakini kilichoongezwa ni mazutu peke yake, na kilichokuwa kinakosekana ni hewa. Matumizi yanapanda, joto linapanda, na oili inakuwa nyeusi upesi.

Kwa injini isiyo na turbo hapa Bukavu, ushauri wetu ni kinyume cha mazoea: skrubu irudishwe nyuma kidogo kidogo, gari lijaribiwe mlimani likiwa na mzigo, mpaka moshi ubaki wa kuonekana kwa shida. Utapoteza nguvu kiasi, na tunakiri hilo, ila ni nguvu ndogo kuliko watu wanavyoogopa. Baadhi ya pampu zilitoka kiwandani na kidonge kinachohisi wepesi wa hewa na kupunguza mazutu chenyewe. Kabla ya kugusa skrubu, fundi aangalie kama kidonge hicho kipo na kama hakijang'olewa.

Turbo iliyoongezwa ni jambo jingine, na hatuipingi. Kurudisha hewa ya pwani kwenye kimo cha Bukavu kunahitaji msukumo wa karibu bar 0.17 tu. Turbo ndogo inayofikia hapo na kuzidi kidogo, huku mazutu yakiachwa yalivyo, inaweza kusafisha moshi na kupunguza matumizi. Hasara huanza pale turbo inapofungwa na skrubu ikafunguliwa siku hiyohiyo. Toyota walipotaka turbo kwenye injini ya lita 4.2 walitengeneza 1HD-T, na hiyo ina mgandamizo mdogo na njia tofauti ya kuingiza mazutu kuliko 1HZ. Pistoni za 1HZ hazikuundwa kwa joto linaloletwa na turbo. Aliyefunga turbo bila kufunga kipimajoto kwenye bomba la moshi anaendesha akiwa amefumba macho, na siku kulasi au pistoni itakapopasuka, mazutu yote aliyookoa hayatalipa hata usafiri wa kipuri.

Mambo mengine ya injini tunayapitia haraka. Kuanzia Juni hadi Agosti vumbi la njia ya Kavumu huziba chujio la hewa kwa siku chache, hivyo likung'utwe kila wiki na libadilishwe likichoka. Snokeli iliyounganishwa vibaya inavuta vumbi moja kwa moja hadi kwenye silinda. Nozeli zipimwe kwenye mashine, zisikisiwe kwa sikio. Na kila mkanda wa taimingi unapobadilishwa, pampu irudishwe kwenye alama zake na kupimwa kwa saa ya kupimia. Ikichelewa kidogo tu, moshi na matumizi vinarudi hata kama kila kitu kingine ni kipya.

Barabarani

Mashauri mengi yanayosomwa kutoka nje yanahusu upepo: ondoa keria ya juu, punguza mwendo kutoka 110. Kwenye barabara zetu upepo si kitu, maana ni mara chache gari hufika kasi hiyo. Kinachokula mazutu hapa ni breki. Kila unapopiga breki ghafla mbele ya shimo unatupa mwendo uliokwisha kuulipia, na lazima uununue upya. Shofea anayetazama mbali na kuachia gesi mapema atatumia mazutu machache kuliko mwenzake kwenye gari lilelile. Mlimani, iache 1HZ izunguke karibu mara 2,200 kwa dakika, ambako msukumo wake ni mkubwa zaidi. Tairi kubwa hufanya kila gia kuwa nzito, kwa hiyo teremsha gia mapema bila kuona haya.

Ukitoka kwenye tope, shuka na ugeuze vifungo vya magurudumu ya mbele kutoka LOCK kwenda FREE. Watu huvisahau miezi mizima, na ekseli ya mbele inazungushwa bure kutoka Nyawera hadi Uvira. Gari likisubiri watu nje ya mkutano, zima injini: 4.2 inayounguruma imesimama inaweza kumaliza karibu lita moja kwa saa.

Limebaki moja, na tungeomba lisomwe kwa sauti kwa kila shofea anayeteremka Ngomo kwenda Kamanyola. Wapo wanaoweka gia huru kwenye mteremko wakiamini wanaokoa mazutu. Ukiteremka ndani ya gia bila kukanyaga gesi, pampu hukata mazutu kabisa na magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka gia huru, injini inabaki ikinywa ili isizimike, na mzigo wote unaangukia breki. Zikishapata moto kwenye zile kona, chini ni korongo. Pale juu kabla ya kuanza kushuka, simama, ingiza gia ya pili au ya tatu kulingana na mzigo, na usiitoe mpaka uone tambarare ya Ruzizi mbele yako.