Somo la Kikundi: Pombe Baada ya Kuuza Dhahabu

Wapendwa wanakikundi, kabla ya kuanza mmoja wenu asome Mithali 23:29-35, halafu tuzungumze bila kuoneana aibu.

Huku Masara tunazijua jioni za kuuza dhahabu. Mtu ametoka shimoni, mawe yamesagwa, amelipwa. Kabla hajafika nyumbani ameshapitia kwa mama pima, eti anatoa uchovu. Pombe haitoi uchovu, inauficha tu, na usingizi wake ni wa kukatika-katika. Kesho anashuka tena shimoni mikono ikitetemeka, na kamba anaishika kwa mikono hiyo hiyo.

Mwilini, kazi ya kuondoa pombe ni ya ini. Ini huenda polepole. Kahawa wala maji baridi hayaliharakishi. Likizidiwa kila siku kwa miaka hujaa mafuta, kisha makovu. Ndipo tunaona macho ya manjano na tumbo lililojaa maji, na watu wanasema ni chira. Hapana, ndugu zetu, hiyo si chira. Pombe pia huleta saratani ya koo, ya ini, na ya matiti kwa akina mama. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba hakuna kiasi kisicho na hatari. Na wanaomeza dawa za TB wajihadhari zaidi, maana dawa hizo nazo hupitia ini hilo hilo.

Busaa ina kileo kidogo, kama asilimia 4 hivi. Chang'aa inaweza kupita 30, na hakuna aliyeipima. Wauzaji wengine huongeza methanoli, spiriti ya viwandani, ambayo mwilini hugeuka asidi na kuharibu mishipa ya macho. Nairobi, Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikufa kwa pombe ya namna hiyo na wengine wakapofuka. Anayeona ukungu baada ya kunywa akimbizwe hospitali saa hiyo hiyo, asiambiwe alale kwanza!

Sasa jambo gumu. Baadhi ya wapikaji ni wanachama wetu, na karo za watoto wao zimetoka kwenye pipa hilo. Hatuwezi kuwahukumu halafu tukapokea michango yao. Tunaona heri wapewe mkopo wa kwanza, waanze omena au mboga, ndipo waambiwe waache.

Anayetaka kupunguza ale kwanza, na pesa ya nyumbani aikabidhi kabla ya kupita popote. Lakini aliyezoea kunywa sana kila siku asikate ghafla peke yake. Anaweza kuanguka kama mwenye kifafa. Aende kwanza kituo cha afya.

Maswali ya kujadiliana:
Wiki iliyopita, pesa ngapi za nyumba yako zilienda kwa pombe?
Ni mama gani tunaweza kumkopesha mwezi huu, na nani atamsindikiza sokoni?