Mitishamba kwa Maumivu ya Viungo na Uchovu

Maumivu ya viungo na uchovu huwasumbua wakulima wengi wa Kimamba, na baadhi yao hutafuta nafuu katika dawa za Ayurveda, tiba ya kale ya India. Tangawizi na manjano, mimea itumikayo sana katika tiba hiyo, kwa kawaida haina madhara ikiliwa kama chakula.

Vidonge na unga wa dukani vyahitaji tahadhari zaidi. Mwaka 2004 watafiti wa Boston, Marekani, walipima dawa 70 za Ayurveda. 14 zilikutwa na madini ya risasi, zebaki au aseniki. Sumu ya risasi nayo huleta uchovu na maumivu ya viungo. Hivyo mgonjwa aweza kuzidisha dozi akidhani anajitibu, kumbe anajiongezea sumu.

Tena, uchovu waweza kuwa dalili ya malaria au upungufu wa damu. Mwenye dalili hizo aende kwanza kupimwa katika kituo cha afya, akichukua dawa anayotumia. Waganga na dawa za asili husajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, kwa Sheria ya mwaka 2002. Mnunuzi aulize usajili kabla ya kutoa fedha.